Mheshimiwa Mjumbe, Soma Hii Kabla ya Kupanda Ndege

Hongera kwa kuteuliwa. Jina lako limo katika ujumbe wa watu wanane wanaokwenda Dubai kwa siku sita kujifunza namna serikali inavyoweza kuendesha shughuli zake bila kuyaumiza mazingira. Wawili kati yenu wanatoka idara ya mazingira. Waliobaki ni wahasibu, maofisa utumishi, mtu wa itifaki, na yule bwana ambaye huwamo katika kila safari na hakuna anayekumbuka aliingiaje.

Mimi ni mtu wa Tanga, nafanya kazi za kompyuta Dubai Silicon Oasis, na kosa langu kubwa ni kujua Kiswahili. Kila ujumbe unapotoka nyumbani, mtu fulani humwambia mtu fulani kwamba kuna kijana wetu kule, atawatembeza. Nimetembeza vya kutosha. Nimebeba makabrasha, nimepiga picha za pamoja mbele ya milango ya vioo, nimesaka ugali saa nne usiku. Haya ninayoyaandika ni ya kumkinga mgeni, maana mahali hapa ni pazuri na mitego yake inang'aa.

Anza na masijala. Ukipata nafasi kabla ya safari, omba kuliona jalada lako. Dokezo lilianza kwa ofisa, likapanda kwa mkuu wa kitengo, likafika kwa mkurugenzi, likarudi kwa kukosa kiambatisho, likapanda upya. Mna barua ya mwaliko, barua ya kuujibu mwaliko, mchanganuo wa gharama, kibali, nakala ya kibali kwa mhasibu, na nakala ya nakala kwa mkaguzi wa ndani. Usizihesabu. Mjumbe mmoja alizihesabu akiwa uwanja wa ndege, akaingiwa na simanzi iliyomharibia safari nzima: karatasi zote zile za kumruhusu akajifunze kuacha karatasi.

Wakumbuke pia wasioipata bahati yako. Novemba 2015, mara tu baada ya kuapishwa, Rais Magufuli wa Tanzania alizuia safari za nje za watumishi wa umma isipokuwa kwa kibali maalumu. Alikuwa anatafuta fedha, habari za hewa ukaa hazikutajwa. Lakini kama unataka agizo la serikali lililopunguza moshi wa ndege ndani ya wiki moja, ndilo hilo, na katika mada zote za utawala wa kijani nilizokaa kuzisikiliza halijatajwa hata mara moja. Nadhani ni kwa sababu mada hizo hutolewa hotelini.

Chemchemi ya mchanga

Jina lisikuchanganye. Oasis ni chemchemi ya jangwani, penye maji na mitende. Silikoni, ile inayotengenezewa vipande vya kompyuta, hutokana na mchanga. Umealikwa basi kwenye chemchemi ya mchanga iliyo katikati ya mchanga. Usicheke mbele ya wenyeji, kwani kazi waliyoifanya ni kubwa: kilomita za mraba 7.2 za ukanda huru wa teknolojia, ulioanzishwa katikati ya miaka ya 2000, wenye kampuni, nyumba za kuishi, maduka, na tawi la chuo cha Marekani cha Rochester Institute of Technology.

Mwaka 2021 ukanda huu, pamoja na ule wa uwanja wa ndege na ule wa biashara ya mtandaoni uitwao Dubai CommerCity, uliwekwa chini ya mamlaka moja. Andika hilo kwenye daftari lako kwa kalamu nyekundu: mamlaka zilikuwa nyingi, zikawekwa chini ya moja. Ni jambo la kijani kuliko paneli yoyote ya jua utakayooneshwa, kwa sababu ofisi isiyokuwepo haiwashi taa. Halipigiki picha, ndiyo maana hutalikuta kwenye ripoti. Na ukilitamka nyumbani, kwanza angalia nani yuko chumbani.

Sasa namna ya kufika. Metro ya Dubai ilizinduliwa tarehe 9 Septemba 2009, ila huku haijafika. Njia ya Buluu, kilomita 30 na vituo 14, itakayopita Silicon Oasis hadi Academic City, imepangwa kufunguliwa tarehe 9 Septemba 2029. Mpaka hapo, mji wa kesho unafikiwa kwa gari la jana. Basi dogo moja lingewatosha wajumbe wanane na mizigo yao. Mtakuja na magari matatu, kwa kuwa wakuu wawili hawawezi kuketi kiti kimoja, na utayatambua mara moja: ni mashangingi yaleyale ya nyumbani, tofauti ni kwamba huku taa nyekundu inayahusu.

Mkishashuka, swali la kwanza halitakuwa juu ya umeme wala taka. Litakuwa juu ya roboti. Mwaka 2023 vigari vitatu vya roboti vilifanyiwa majaribio ya kupeleka chakula majumbani katika mtaa wa Cedre Villas, humuhumu Silicon Oasis, na habari zake zilifika hadi vijiweni kwetu. Kila ujumbe unataka kupiga picha na roboti. Mimi huwaeleza kwamba chakula kingi cha Dubai hupelekwa na vijana wa pikipiki, wengine wa kwetu kabisa, wa Mbale na wa Kisii, na kwamba hao wanapatikana kwa picha wakati wowote wakiwa kwenye taa. Hakuna aliyewahi kukubali.

Suti ni mtambo wa umeme

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo wengi huangukia.

Ukija Julai, joto la nje hupita nyuzi 40 bila kujisumbua. Kuanzia Juni 15 hadi Septemba 15, sheria inakataza kazi za juani kati ya saa sita na nusu mchana na saa tisa. Wewe hutalijua hilo joto. Utatoka kwenye gari baridi, utavuka hatua kumi na mbili za tanuru, utaingia ukumbi baridi zaidi. Na kwa kuwa umevaa suti ya sufu na tai, shati limekukaba, utaona baridi haitoshi, utamnong'oneza mhudumu apunguze nyuzi kidogo. Mamlaka ya umeme na maji ya Dubai huwahimiza watu waweke kiyoyozi nyuzi 24. Ujumbe kutoka nchi za joto, uliokuja kujifunza kubana umeme, utakaa kwenye nyuzi 18, na mama mmoja wa idara ya mazingira atajifunika kitenge mpaka masikioni akiandika: "kuboresha matumizi bora ya nishati".

Mwenyeji wako, umtazame, amevaa kandura. Babu yako wa Pangani angemwelewa papo hapo, kwa kuwa naye alivaa kanzu, na nyumba yake ilikuwa na kuta nene za mawe na baraza la kupungia upepo. Nyumba za kale za Dubai zilikuwa na minara ya kunasa upepo juu ya paa, na michache bado imesimama mtaa wa Al Fahidi. Hiyo ndiyo safari ya mafunzo ningekupeleka mimi, lakini haina viti vya kuzunguka.

Wajapani walilimaliza jambo hili kwa waraka. Mwaka 2005 serikali yao iliagiza viyoyozi vya wizarani viwekwe nyuzi 28 wakati wa kiangazi, na ili watu wasizimie, ikawaambia watumishi wavue tai na koti, kuanzia waziri mkuu Koizumi mwenyewe. Hawakujenga kitu. Walibadilisha vazi. Sisi tulikuwa na vazi hilo tangu enzi za uhuru, suti ya Kaunda, mikono mifupi, shingo wazi, ofisi bila feni inavumilika. Novemba 2023, Spika wa Bunge la Taifa la Kenya, Moses Wetang'ula, alitangaza kwamba suti za Kaunda hazikubaliki bungeni. Sina la kuongeza, ila kwamba bunge hilohilo lina kamati ya mazingira.

Dubai nao wana waraka wao wa kuiga, na huenda usiuone, kwa sababu wajumbe wengi huja Februari. Mwaka 2024, kuanzia Agosti 12 hadi Septemba 30, taasisi 15 za serikali zilijaribu kufanya kazi masaa saba kwa siku na kufunga ofisi Ijumaa. Jengo likifungwa siku nzima, limepumzika lote, kuanzia lifti mpaka birika la chai. Nyumbani tungeuanzisha mpango huo pia, ila kwetu nusu ya ofisi hupumzika Ijumaa bila waraka, taa zikiwaka.

Utapewa mche

Siku ya tatu mtapanda mti. Hii haikwepeki, na kwa Mkenya ni desturi ya taifa: Novemba 13, 2023 serikali yake ilitangaza sikukuu ya mapumziko ili watu wapande miti. Dubai mche wenyewe aghalabu ni wa ghaf, mti wa taifa wa Falme za Kiarabu, unaovumilia jangwa kwa mizizi inayozama mbali. Ni mti mzuri. Lakini mtu wa Baringo akiutazama vizuri atarudi nyuma hatua mbili, kwa kuwa ghaf na mathenge ni ndugu wa karibu, wote kwa muda mrefu wakiitwa Prosopis.

Mathenge aliletwa Baringo miaka ya 1980 kwa nia safi kabisa, kuzuia jangwa, serikali ikishirikiana na shirika la kilimo la Umoja wa Mataifa. Akakubali udongo kupita kiasi. Akafunga njia, akafunga malisho, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Wananchi waliishtaki serikali, na wakampeleka mahakamani Nairobi mbuzi asiye na meno awe kielelezo. Ukishika koleo mbele ya kamera, mfikirie mbuzi yule. Muulize mwenyeji swali moja tu: nani ataumwagilia, na kwa maji yapi? Yeye ana jibu, kwani bustani za Dubai hunyweshwa kwa maji taka yaliyosafishwa. Kisha jiulize miche mliyopanda kwenye viwanja vya halmashauri yenu wiki ya mazingira, yule mwenye kopo alikuwa nani na sasa yuko idara gani.

Karatasi hazifi

Sasa tumefika kwenye jambo lenyewe.

Mtapelekwa kwenye chumba chenye skrini ukuta mzima, na kijana mwenye Kiingereza chepesi atawaambia kwamba Desemba 2021, Sheikh Hamdan bin Mohammed, mrithi wa utawala wa Dubai, alitangaza serikali yake kuwa ya kwanza duniani isiyotumia karatasi kabisa katika miamala yake. Taasisi 45, huduma 1,800. Mpango ulianza 2018, wakati serikali ya Dubai ilikuwa ikitumia karatasi zaidi ya bilioni moja kwa mwaka. Zimeokolewa, atasema, karatasi milioni 336, dirhamu bilioni 1.3, na masaa milioni 14 ya kazi. Wajumbe watashangilia. Mtu wa itifaki atauliza kama anaweza kupata nakala iliyochapwa.

Wewe toa simu, fungua kikokotoo. Gawa dirhamu bilioni 1.3 kwa karatasi milioni 336. Unapata karibu dirhamu nne kwa karatasi. Rimu nzima, karatasi mia tano, dukani huku hununuliwa kwa dirhamu kumi na kitu. Basi hii karatasi moja ya dirhamu nne ni ya namna gani? Gawa tena, masaa milioni 14 kwa karatasi zilezile: dakika mbili na nusu kila moja. Umeiona sasa. Karatasi yenyewe ni senti. Bei yake ni mtu aliyeendesha gari kuileta, aliyesimama foleni akiwa nayo, aliyeipokea dirishani, aliyeipiga mhuri, aliyeitafuta ilipopotea, na kiyoyozi kilichowapoza wote hao wakati wakifanya hayo. Mti uliokatwa ni sehemu ndogo ya hasara. Walichokiondoa watu wa Dubai, pale walipofanikiwa, ni safari na dirisha. Karatasi ikakosa kazi, ikaondoka yenyewe.

Sisi huanzia mwisho. Tunaiondoa karatasi na kuliacha dirisha. Mwananchi anajaza fomu mtandaoni, anapata namba ya malipo, analipa kwa simu, na hadi hapo mambo ni matamu, tena kwa haya ya kulipia serikali kwa simu sisi hatuna haja ya kumtembelea mtu. Kisha anaambiwa: chapa risiti, chapa fomu, toa nakala ya kitambulisho, weka sahihi ya mtendaji wa mtaa, uje navyo. Ofisi imeokoa rimu zake. Karatasi imehamia ng'ambo ya barabara, kwa dada mwenye steshenari, mashine moja ya fotokopi, jenereta pembeni, na bei ya shilingi mia kwa ukurasa. Kwenye takwimu za serikali karatasi ile haipo tena. Kwenye mkoba wa mwananchi ipo, na kailipia yeye.

Wala usidhani Dubai hawana dada yao. Tembea mitaa ya Deira, au karibu na ofisi yoyote ya viza, utaona maduka ya taipingi, ambako watu huketi kwenye viti vya plastiki wakingoja kujaziwa kwa Kiarabu maombi ambayo simu yao ingeyajaza kama wangejua ibonyezwe wapi. Mashine ya serikali inapokuwa ngumu kwa mtu wa kawaida, mtu wa kati hazaliwi na karatasi, huzaliwa na ule ugumu.

Kama hunisadiki, ukitoka kwenye chumba cha skrini zungumza na mlinzi wa mlangoni. Kuna uwezekano mkubwa akawa wa kwetu, na atakuita mzee kabla hujafungua mdomo. Yule ninayemfahamu mimi ni wa Kwale. Stika ya ukaazi kwenye pasipoti ilifutwa huku Aprili 2022, sasa ukaazi wake umo kwenye kitambulisho cha mfukoni, na akitaka kuhakikisha siku zake zimebaki ngapi anatazama simu. Lakini chini ya kitanda chake kuna bahasha ya plastiki, na ndani yake kuna cheti cha mwenendo mwema, cheti cha shule, cheti cha kuzaliwa, kila kimoja na nakala, kila nakala na mhuri wa wakili, juu ya wakili mhuri wa wizara, na mihuri mingine ya huku aliyoilipia kwa dirhamu. Alipanda basi kutoka Kwale hadi Nairobi mara tatu kwa ajili ya bahasha ile. Mhuri mmoja ulikosewa tarehe. Akiisimulia anacheka, ila safari ile ya tatu alikopa.

Mlinzi huyo ndiye pia ajuaye jengo linakula umeme kiasi gani. Analizunguka usiku. Anajua ghorofa ambayo taa haizimwi, anajua ukumbi unaopozwa Jumapili nzima hauna mtu. Katika wajumbe wote niliowatembeza, aliyemuuliza chochote alimuuliza choo kiko wapi.

Mfuko wa zawadi

Nafupisha. Siku ya mwisho mtapelekwa Dragon Mart, ambako nusu ya Kariakoo hununua mali, na mtatafuta mifuko ya kubebea. Dubai ilianza kutoza fils 25 kwa mfuko Julai 2022, na ikapiga marufuku mifuko ya kutumia mara moja tarehe 1 Juni 2024. Tanzania ilipiga marufuku mifuko ya plastiki tarehe 1 Juni 2019. Tarehe ileile, miaka mitano kabla. Kenya ilikwisha kufanya hivyo Agosti 2017, Rwanda 2008, na Zanzibar ilitangulia bara kwa miaka mingi. Katika jambo hili wao ndio wangestahili kupanda ndege kuja Tandika kumwangalia mama wa mboga anavyofunga mchicha. Litaje mkutanoni, kwa adabu. Nimewahi kumsihi kiongozi wa ujumbe alitaje; akaniambia hatukuja kufundisha.

Kurudi

Mtarudi na makabrasha manane, kalamu nane zenye nembo, na flashi moja ambayo haitafunguka. Ripoti itaandikwa na yule mama wa kitenge peke yake. Mapendekezo yatakuwa mawili: kununua mfumo, na kufanya safari ya pili ya kujionea mfumo ukifanya kazi. Akijaribu kuingiza la tatu, kwamba hatua fulani saba za kupata kibali fulani zifutwe zibaki mbili, ataambiwa hilo ni la kisera, liandaliwe dokezo lake.

Kisha utaitwa na mhasibu kurejesha masurufu. Utamwonesha tiketi kwenye simu. Utamwonesha bodingi pasi kwenye simu, ile ya mistari-mistari, uliyopitia nayo mageti yote ya Dubai bila kugusa karatasi. Ataitazama kwa upole, kwani si mtu mbaya, mkaguzi naye anamsubiri yeye. Atakuambia hiyo haipigiki mhuri.

Utavuka barabara. Dada wa steshenari atapokea simu yako, atafuta kioo kwa kanga, atauliza:

"Ya rangi au nyeusi?"